Asili na Nakala: Historia ya Kufungasha Programu za Java za Bioinfomatiki katika Debian

1. Utangulizi

Mnamo Julai 1997 jumuiya ya watunzaji wa Debian, mfumo endeshi wa kompyuta uliojengwa juu ya kiini cha Linux, ilipitisha waraka mfupi wenye vifungu 10 vya kueleza ni programu ya namna gani istahiliyo kuitwa huru. Kifungu cha 6 chakataza leseni kuwazuia watu wasiitumie programu katika uwanja fulani wa kazi. Kwa kutoa mfano, waandishi wa waraka huo walitaja nyanja mbili tu: biashara na utafiti wa jeni. Mfano huo uliwekwa ili kufafanua sheria. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata, utafiti wa jeni ulikuja kuwa mojawapo ya nyanja ambamo sheria hiyo ilijaribiwa kwa ukali.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu za bioinfomatiki zilizoandikwa kwa lugha ya Java zilivyoingizwa katika Debian, na kwa nini kazi iliyoonekana nyepesi kwa nje ikawa miongoni mwa zilizo nzito kuliko zote. Hoja itakayotetewa ni kwamba uzito huo haukutokana hasa na kompyuta, bali na swali ambalo wasomi wa miswada ya kale wanalifahamu sana: je, nakala yaweza kuaminiwa ikiwa asili yake haionekani?

2. Istilahi

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa maana ya istilahi chache ibainishwe. Msimbo asilia ni yale maandishi ayaandikayo mtungaji wa programu, ambayo mtu aliyejifunza lugha hiyo aweza kuyasoma na kuyasahihisha. Maandishi hayo hupitishwa katika kikusanyaji, yaani programu inayoyageuza kuwa maagizo ya mashine. Na yakisha kugeuzwa hayasomeki tena kwa urahisi. Katika Java maagizo hayo hayaelekezwi kwa mashine halisi, bali kwa mashine ya kubuni, ambayo nayo ni programu iwezayo kuwekwa katika kompyuta za aina nyingi. Faili zilizogeuzwa hukusanywa pamoja katika faili moja iitwayo jar.

Maktaba ni mkusanyiko wa sehemu zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, ambazo mtungaji huzitumia badala ya kuziandika upya. Kifurushi ni programu pamoja na maelezo yake yote: watungaji wake, leseni yake, maktaba inazozitegemea, na amri za kuiunda kutokana na msimbo asilia. Mfungashaji ni yule aandaaye kifurushi hicho, na wafungashaji wa Debian walio wengi huifanya kazi hiyo kwa kujitolea.

3. Java kabla ya kuwa huru

Lugha ya Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1995, mbunifu wake mkuu akiwa James Gosling. Iliwavuta watu upesi kwa ahadi yake kuwa programu ikiandikwa mara moja itafanya kazi katika kila kompyuta. Hapana shaka ahadi hiyo iliwafaa sana wanabiolojia. Katika maabara moja huwamo kompyuta za aina mbalimbali, na mtafiti atungaye programu kwa fedha za mradi wa muda mfupi hana wasaa wa kutengeneza toleo la Windows, la Macintosh na la Unix kila moja kwa njia yake.

Ndipo zikatokea programu kama Jalview, iliyoanzia Oxford katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 na baadaye ikatunzwa katika Chuo Kikuu cha Dundee, ambayo hulinganisha mifuatano ya protini na ya DNA. Ilifuata Artemis ya Taasisi ya Sanger, ya kusomea jenomu na kuandika maelezo juu yake. BEAST, iliyoelezwa na Drummond na Rambaut mwaka 2007, ya kukadiria nasaba za virusi na nyakati za kuachana kwake. FastQC ya Taasisi ya Babraham karibu na Cambridge, ya kupima ubora wa data itokayo katika mashine za kusoma DNA. Na Picard, GATK na IGV za Taasisi ya Broad huko Marekani.

Kwa Debian, hata hivyo, kulikuwa na kikwazo. Nyingi za programu hizo zilitolewa kwa leseni huru, lakini mashine ya kubuni ya Sun haikuwa huru. Hazina ya Debian imegawanyika: ipo sehemu kuu, ambayo ndiyo Debian yenyewe, na kando yake zipo sehemu za programu zisizo huru na za zile ambazo, ingawa ni huru, zategemea zisizo huru. Kwa hiyo programu ya mwanabiolojia ambaye mwenyewe hakuficha neno lolote ilibaki nje ya nyumba, kwa sababu ya jambo asilolitenda yeye. Mwaka 2004 Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huru, aliandika makala ya kuwaonya watungaji juu ya hali hiyo, akiiita mtego wa Java.

Zilifanywa juhudi za kujinasua. Kaffe, GNU Classpath na kikusanyaji GCJ zilikuwa kazi za watu walioiandika Java upya, sehemu kwa sehemu, bila ya kuutumia msimbo wa Sun. Lakini kazi ilikuwa kubwa, na sehemu ya Swing, inayochora madirisha na vitufe, ilichelewa kukamilika. Programu za kibiolojia zilizomtaka mtumiaji atazame picha ya jenomu kwa macho yake ndizo zilizoumia zaidi.

Mabadiliko yalianza tarehe 13 Novemba 2006, Sun ilipotangaza kuwa itaitoa Java chini ya leseni ya GPL, toleo la pili. Mwezi wa Mei 2007 msimbo wa OpenJDK ulitolewa, ingawa baadhi ya sehemu zake zilikuwa bado za watu wengine na hazikuweza kufunguliwa. Mradi wa IcedTea ukajaza mapengo hayo. Tarehe 14 Februari 2009 ilitolewa Debian 5.0, na kwa mara ya kwanza programu za Java zilizoitegemea teknolojia ya Sun ziliweza kuingia katika sehemu kuu.

4. Debian Med

Wakati mlango huo ulipofunguliwa walikuwapo watu waliokwisha kungoja mbele yake. Mwaka 2002 Andreas Tille, mwanafizikia wa Ujerumani, alikuwa ameanzisha Debian Med. Mradi huo haukuwa mfumo mwingine uliojitenga. Ulikuwa ni kundi ndani ya Debian lililojitwika programu za tiba na biolojia, ili hospitali au maabara iweze kuiweka Debian ya kawaida kisha, kwa amri moja, kuongeza vifaa vyote vya kazi yake. Kwa wanabiolojia kifurushi cha jumla kiliitwa med-bio. Tille mwenyewe alichaguliwa kuwa kiongozi wa mradi mzima wa Debian mwaka 2024.

Aidha, kazi iliyofanywa hapo haikuishia hapo. Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004, huchota vifurushi vyake vingi katika Debian. Na Bio-Linux ya Uingereza, ambayo toleo lake la 8 lilitoka mwaka 2014, ilisimama juu ya Ubuntu. Hivyo kifurushi kilichoandaliwa na mtu mmoja kiliwafikia watafiti wengi wasiopata kulisikia jina lake.

5. Kazi ya mfungashaji: mfano wa FastQC

Ni rahisi kuuliza kwa nini jar, ambayo tayari hufanya kazi kila mahali, haichukuliwi tu na kutiwa katika hazina. Jibu laonekana katika FastQC. Programu hiyo ilisambazwa ikiwa imebeba maktaba 3 zilizokwisha kukusanywa: moja ya kusoma faili za BAM, ambamo huhifadhiwa mifuatano ya DNA, ya pili ya kufungua faili zilizobanwa kwa njia ya bzip2, na ya tatu ya kusoma faili za muundo wa HDF5. Kwa mtumiaji wa kawaida hilo ni jambo la heri, kwani hana la kutafuta. Kwa mfungashaji, kila mojawapo ni nakala isiyo na asili.

Mfungashaji huziondoa kwanza jar hizo katika furushi la asili, na namba ya toleo hutiwa alama ya kuonyesha kuwa furushi limesafishwa. Kisha hutafuta msimbo asilia wa kila maktaba, popote ulipo, na kila moja ataifungasha kivyake ikiwa haijafungashwa. Husoma leseni katika vichwa vya faili, moja baada ya moja, na kuziorodhesha. Huiunda programu upya kutoka mwanzo, huiunganisha na maktaba zilizomo tayari katika Debian, huandika majaribio, na kuupeleka mzigo wote kwa wasimamizi wa hazina, ambao nao husoma leseni kabla ya kufungua mlango.

Hapo ndipo mnyororo hujitokeza. Maktaba ya kusoma BAM, iitwayo HTSJDK, hutumiwa pia na Picard, GATK na IGV. Nayo yategemea snappy-java, maktaba ya kubana data, ambayo jar yake hubeba ndani maagizo yaliyokwisha kukusanywa kwa mashine halisi za aina kadhaa. Ahadi ya kufanya kazi kila mahali ilikuwa imetimizwa kwa kuorodhesha mahali. Na kompyuta ya aina isiyoorodheshwa ilibaki nje. Debian, ambayo huunda vifurushi kwa aina nyingi za kompyuta, ililazimika kuunda sehemu hizo yenyewe.

Mtaalamu wa fasihi aliyepata kuhariri utenzi kutokana na miswada kadhaa ya hati za Kiarabu ataitambua kazi hii. Naye hukutana na nakala inayosomeka vizuri, iliyopendwa na watu, lakini isiyojulikana ilinakiliwa kutoka wapi na nani aliongeza nini. Haikatai kwa sababu ni mbaya. Huitafutia chimbuko kwa sababu bila hilo hawezi kuisahihisha.

6. Maven, Gradle na kazi isiyo na intaneti

Tatizo la pili lilitokana na vyombo vya ujenzi. Tangu Maven 2 ilipotolewa mwaka 2005, ilikuwa desturi ya watungaji wa Java kutaja majina ya maktaba wanazozihitaji, na Maven ikaziteremsha kutoka hazina ya mtandaoni wakati wa kuunda programu. Kinachoteremshwa ni jar zilizokwisha kukusanywa. Sheria za Debian hazikubali hivyo: kifurushi cha sehemu kuu hakiruhusiwi kutafuta kitu katika intaneti kinapoundwa. Kila kinachohitajika sharti kiwemo ndani ya Debian yenyewe. Wafungashaji walilazimika kuandika vyombo vya kuidanganya Maven, ili izipate katika diski maktaba ilizodhani itazipata ng'ambo.

Gradle ilileta shida kubwa zaidi. HTSJDK na Picard zilipohamia Gradle, wafungashaji wa biolojia walijikuta wakikitegemea chombo ambacho Debian haikuweza kukiendeleza. Matoleo mapya ya Gradle yalihitaji lugha ya Kotlin. Nayo Kotlin, ili iundwe, yaihitaji Kotlin iliyotangulia pamoja na Gradle. Ni kisa cha kuku na yai. Matokeo yake ni kwamba Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, bado ilikuwa na Gradle 4.4.1 ya Desemba 2017, iliyotiwa viraka ili iweze kwenda na Java 17, hali ulimwengu wa nje ulikuwa umekwisha kufika Gradle 8. Mara nyingi kazi ya mfungashaji ikawa kuyaandika upya maagizo ya ujenzi ya mtungaji, si kwa kuwa yalikuwa na kosa, bali kwa kuwa yalitungwa kwa chombo asichokuwa nacho.

7. Leseni: kisa cha GATK

GATK, inayotumiwa kutambua tofauti za jeni kati ya mtu na mtu, ilielezwa kwa wataalamu mwaka 2010 na msimbo wake ulikuwa wazi. Mwaka 2012, toleo la pili lilipotoka, masharti yalibadilika: watafiti wa taasisi zisizo za kibiashara waliendelea kuipata bure, lakini makampuni yalitakiwa kununua leseni. Sharti hilo lilikuwa na sababu zake, kwani kuitunza programu kubwa hugharimu fedha. Lakini lilikwenda moja kwa moja kinyume cha kifungu cha 6, na katika nyanja zote mbili zilizotajwa na kifungu hicho kwa pamoja: biashara na utafiti wa jeni.

Toleo la nne, lililotolewa Januari 2018, liliirudisha GATK katika leseni huru. Lakini uhuru wa leseni hautoshi peke yake. Toleo hilo lilikuwa limejengwa kwa Gradle na kuunganishwa na Spark, mfumo mkubwa wa kugawa kazi kwa kompyuta nyingi, ambao una mlolongo wake mrefu wa maktaba. Mlango mmoja ulifunguliwa, na nyuma yake ukaonekana mwingine.

8. Desemba 2021

Hadi hapa msomaji aweza kudhani kuwa ukali wa Debian ni ibada ya sheria tu. Tukio la Desemba 2021 lilionyesha vinginevyo. Tarehe 9 ya mwezi huo ulitangazwa hadharani udhaifu katika Log4j, maktaba ya Java inayoandika kumbukumbu za utendaji wa programu. Udhaifu huo, ulioorodheshwa kwa namba CVE-2021-44228, ulimwezesha mtu wa mbali kuiamuru kompyuta ya mwenzake kwa kuifanya iandike maneno fulani tu katika kumbukumbu zake. Kwa kipimo cha ukali wa udhaifu ulipewa alama 10 kati ya 10.

Shida haikuwa kuisahihisha Log4j, bali kujua iko wapi. Jar moja huweza kumezwa na nyingine, na hiyo nayo na ya tatu, hata mwenye programu asijue amebeba nini. Kila mtungaji alilazimika kupekua mizigo yake na kutoa toleo jipya. GATK ilifanya hivyo mwezi huohuo. Katika Debian maktaba hiyo ilikuwa kifurushi kimoja chenye jina lake, na vifurushi vilivyoitegemea vilijulikana kwa kuwa vimeandikwa hivyo. Siku chache baada ya tangazo, kifurushi hicho kilisahihishwa, na programu zote zilizokitumia zikapona pamoja nacho bila ya kuguswa.

9. Hoja za upande wa pili

Haki yataka pande zote zisikilizwe. Debian hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka miwili, na utafiti hauungoji muda huo. Mwanabiolojia anayesoma makala iliyochapishwa mwezi uliopita huitaka programu iliyotajwa humo, si ile iliyoitangulia kwa miaka mitatu. Ndiyo sababu mradi wa Bioconda, ulioelezwa katika jarida la Nature Methods mwaka 2018 ukiwa na vifurushi zaidi ya 3,000, ulipata wafuasi wengi haraka. Bioconda haikatai jar iliyokwisha kukusanywa na mtungaji mwenyewe, na kwa hiyo programu ya Java huweza kuingizwa humo kwa siku moja, pale ambapo Debian ingehitaji miezi. Vivyo hivyo, tangu Docker ilipotokea mwaka 2013, watafiti wengi husambaziana mfumo mzima uliofungwa kama kontena, bila ya kufungua kilichomo.

Njia hizo zina manufaa yasiyokanika. Lakini zajibu swali jingine. Zahakikisha kuwa kitu kilekile kitafanya kazi tena. Hazihakikishi kuwa mtu mwingine aweza kukiunda upya kutoka asili yake. Juhudi za ujenzi unaorudiwa, zilizoanza katika Debian mwaka 2013, zilidhihirisha umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili. Kwa kuwa jar huhifadhi saa na tarehe ya kila faili iliyomo, msimbo uleule ukikusanywa mara mbili hutoa jar mbili zisizolingana, na mkaguzi hawezi kusema kama tofauti ni ya saa tu au ya jambo jingine. Ilibidi alama hizo zifutwe kwa makusudi ili ulinganisho uwezekane.

Wala jambo hili si la Ulaya na Marekani peke yake. Jenomu ya Theileria parva, kimelea kinachosababisha ndigana kali ya ng'ombe, ilichapishwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ya Nairobi na wenzao wa Marekani. Mahali ambapo intaneti hukatika au huuzwa ghali, programu inayojengwa kwa kuteremsha mamia ya jar kutoka ng'ambo haijengeki. Hazina ya Debian yaweza kunakiliwa yote, pamoja na msimbo asilia, na kuwekwa katika chuo. Na mwanafunzi akaisoma programu, akaibadilisha na kuiunda upya, hata siku ambayo hakuna mawasiliano.

10. Hitimisho

Kwa muhtasari, historia hii ina vipindi vitatu. Kabla ya 2009 kikwazo kilikuwa Java yenyewe. Baada ya hapo kikwazo kikawa desturi ya kubeba maktaba bila asili zake. Na tangu vyombo vya ujenzi vilipoanza kutegemeana kwa mzunguko, kikwazo kimekuwa ni kwenda sambamba na mwendo wa watungaji. Katika kila kipindi ingaliwezekana kulegeza sheria, na katika kila kipindi wafungashaji walichagua kubeba mzigo.

Mwezi wa Aprili 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokuwa umewafungia watu majumbani, Debian Med iliwaita wafungashaji wakutane kwa njia ya mtandao kwa muda wa wiki moja, ili kushughulikia programu zinazohusu utafiti wa virusi hivyo. Kazi waliyoifanya ilikuwa ileile ya siku zote: kusoma leseni, kutafuta asili za maktaba, kuandika majaribio, kusahihisha makosa madogo. Matokeo ya utafiti wa jeni siku hizi huamua dawa itakayotumiwa na chanjo itakayotengenezwa, na matokeo hayo hupitia katika programu ambazo watafiti wengi hawazifungui. Ni lazima wawepo watu wachache walioamua kuzifungua zote, na kuacha maandishi ya walichokikuta ndani yake ili mwingine aweze kuhakikisha.